Nafaqa ya Mzazi Mzee si Gunia la Mpunga



Swali hili tuliulizwa Igawa, pale barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya inapopita Usangu. Kijana anafanya biashara Dar es Salaam. Mama yake mjane amepooza, na anayemhudumia ni mjukuu wa miaka kumi. Kila mavuno kijana humnunulia mama gunia la mpunga. Je, wajibu umemtoka?

Wengi wetu tukisikia nafaqa tunasikia nafaka. Wanavyuoni hawakuifahamu hivyo. Katika madhehebu ya Imam Shafi (r.a.), yaliyoenea kwetu, nafaqa ya mzazi asiye na kitu ni wajibu juu ya mtoto, wa kiume au wa kike, aliyebakiwa na ziada baada ya mahitaji yake na ya walio chini yake. Kipimo chake ni kifaya, yaani kinachomtosheleza mzazi kwa hali aliyo nayo. Al-Khatib Shirbini, aliyefariki mwaka 977 Hijria, anaingiza humo ujira wa tabibu, bei ya dawa na gharama ya mtumishi iwapo mzazi anamhitaji kwa ugonjwa au kulemaa. Basi mama huyu ana haki ya mtu mzima wa kumuosha, kumtawadhisha na kumgeuza kitandani asipate vidonda. Na mjukuu naye ana haki ya kwenda shule.

Kuna jambo ambalo halisemwi sana mimbarini. Nafaqa ya mke ikicheleweshwa hubaki deni. Ya mzazi hupita na siku yake. Haigeuki deni ila kwa njia ya kadhi, kama kukopa kwa idhini yake. Kwa hiyo anayesema atafidia biashara ikichanganya hana cha kufidia: siku ile mama alilala njaa, na dhambi imeshaandikwa. Wala asimpe mama zaka yake kwa fungu la mafakiri, maadamu nafaqa yake iko juu yake.

Ama mzee asiye na mtu, huyo ni amana ya umma. Abu Yusuf katika Kitab al-Kharaj anasimulia jinsi Sayyidna Umar (r.a.) alivyomkuta mzee wa Kiyahudi akiomba, akampa kitu kutoka nyumbani kwake, kisha akaamuru Baitul Mal imtazame yeye na wenzake. Baadaye kazi hiyo ilibebwa na waqfu. Hospitali ya Sultani Qalawun, Cairo, ya mwaka 1284, iliendeshwa kwa waqfu. Mwaka 1896 Sultani Abdulhamid II alifungua Istanbul nyumba ya wasiojiweza, Darülaceze, yenye msikiti, kanisa na sinagogi ndani yake.

Kwetu, Unguja ina nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, na tangu 2016 Serikali ya Zanzibar huwalipa pensheni wote waliofika miaka 70; ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara ziko nyumba za serikali kama Nunge na Fungafunga, lakini Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliuacha mzigo mkubwa kwa familia.

Wako wanaosema nyumba hizo ni haramu. Hatuoni hivyo. Uharamu uko katika kumtupa mzazi humo, kinyume cha ridhaa yake, na watoto wanao uwezo. Imamu akizuru nyumba kama hiyo asiishie kutazama vitanda na chakula. Aulize: mwanamke anaoshwa na mwanamke? Maji ya udhu yanafika kitandani? Asiyeweza kusimama ameoneshwa Qibla na namna ya kuswali amelala? Aliyepotewa na akili hana taklifu ya swala, asikaripiwe.

Yule kijana alituuliza mwisho kama dada yake aliyeko Makambako anahesabika. Tulimjibu kuwa akiwa na uwezo washirikiane. Na kama yeye ndiye atakayekuja kumuosha mama, basi kaka atoe fedha, na ampe dada nauli.