Umri wa meli, umri wa nyumba

Julai 1850 meli ya Minerva, iliyokuwa imetia nanga nje ya bandari ya Durban, ilisukumwa na bahari hadi kwenye miamba ya Bluff, rasi iliyo kando ya bandari hiyo. Abiria waliokolewa, mizigo ikaenda na maji. Wengi wao walikuwa wanunuzi wa ardhi. Katika mpango wa Joseph Byrne wa kuwahamishia walowezi koloni la Natal, pauni 10 zilimpa mtu mzima nafasi ya daraja la chini melini pamoja na ekari 20 huko. Byrne mwenyewe alifilisika, na walioonyeshwa ekari zao wengi walikuta haziwezi kulisha familia. Walilipa kabla ya kuona.

Fungu la mchanga mlangoni mwa bandari ndilo lililozifanya meli kubwa zisubiri nje, mpaka uchimbaji ulipoiwezesha Armadale Castle kuingia mwaka 1904.

Leo Sheria ya Urithi ya Afrika Kusini ya mwaka 1999 inalinda mabaki ya meli, kama hayo ya Minerva, yenye zaidi ya miaka 60. Kung'oa hata bamba bila kibali ni kosa. Wanunuzi wengi wa nyumba hawajui kwamba sheria hiyohiyo, kwa umri uleule, inalinda majengo. Nyumba ya Glenwood au Berea, mitaa ya Durban, iliyojengwa mwaka 1960 haivunjwi ukuta bila kibali cha Amafa, taasisi ya urithi ya KwaZulu-Natal. Ukishanunua ndipo ukasikia habari hiyo, ramani ya vyumba vipya itakaa kabatini.

Bluff kwenyewe Waswahili tuna historia: kuanzia 1873 watumwa walioachiwa huru, wengi Wamakua waliopitia Zanzibar, walishushwa Durban na kuishi hapo, hadi serikali ya ubaguzi wa rangi ilipowahamishia mtaa wa Chatsworth miaka ya 1960.

Leo anayenunua hapo ajue chumvi ya bahari hula mageti, vyuma vya madirisha na misumari ya bati. Panda darini ukague mbao, na udai cheti cha wadudu wa mbao na cha umeme. Mikataba mingi huwa na neno "voetstoots", yaani unanunua kitu kilivyo; halimkingi muuzaji aliyeficha kasoro anayoijua, lakini kuthibitisha hilo mahakamani ni gharama. Dai fomu ya kasoro iliyosainiwa na muuzaji, na umuulize wakili nyumba ilijengwa mwaka gani kabla hujatia saini.