Kipande cha Chuma Kinachozeeka Ndani ya Kinu

Je, wajua kwamba ndani ya vinu vingi vya nyuklia mna vipande vidogo vya chuma ambavyo kazi yake ni kuzeeka? Kimoja kina urefu wa milimita 55, unene na upana wa milimita 10. Katikati kina mfuo wa umbo la V wenye kina cha milimita 2, na hapo ndipo kitakapovunjikia.

Vimechongwa katika chuma kilekile cha tangi la shinikizo, vingine katika maungio yake ya kuchomelea. Tangi hilo, lenye ukuta wa sentimita 20 hivi, hubana maji ya nyuzi joto 300 kwa shinikizo la mara 150 ya hewa tunayovuta. Huwezi kulikata kipande ukapime. Na nyutroni za fueli hulipiga mfululizo, zikisukuma atomi kutoka mahali pake, hadi chuma kinakuwa kigumu zaidi. Ugumu huo ndio wa kuogopwa: chuma kigumu hubeba mzigo mkubwa, lakini kikipoa huku kina ufa mdogo, hupasuka ghafla bila kunyumbuka. Maungio ya zamani yana hatari zaidi, kwa sababu waya wa kuchomelea ulipakwa shaba kuzuia kutu, na shaba huharakisha udhaifu huo.

Vipande hukaa karibu na fueli kuliko ukuta wenyewe, hivyo huzeeka mapema na kutoa habari kabla ya wakati. Kinu kikizimwa kwa matengenezo, baadhi hutolewa na kupimwa kwa mikono ya mashine nyuma ya kuta nene, kwa kuwa vina mnururisho. Kipimo ni kile alichokieleza Mfaransa Georges Charpy mwaka 1901. Nyundo inayoning'inia huachiwa, hupiga mgongo wa mfuo, kisha hupanda upande wa pili. Ikipanda kidogo, chuma ni shupavu, kimemeza nguvu ya pigo. Ikipita bila shida, utazame mahali palipovunjika: panametameta kama chumvi ya mawe.

Uzee huo hutibika. Mwaka 1996 nchini Finland, tangi la kinu cha Loviisa 1 lilipashwa moto mkali kwa siku kadhaa, chuma kikarudiwa na sehemu kubwa ya ushupavu wake.

Nusu za vipande vilivyovunjika nazo hazitupwi. Huchomelewa ncha mpya, huchongwa mfuo mwingine, zikapigwa tena.