Heliamu ya Bonde la Rukwa na Siasa ya Biashara

Msafiri auachaye ubaridi wa uwanda wa Ufipa na kuteremka kutoka Sumbawanga hadi Mtowisa hukutana na bonde la joto, mashamba ya mpunga na mahindi, na Ziwa Rukwa lisilo na mto wa kutokea. Walakini mali ambayo miaka hii imewaleta wageni wa mbali bondeni haionekani kwa macho, nayo ni gesi ya heliamu, ambayo katika baadhi ya chemchemi za maji ya moto hutoka na mapovu, bila rangi wala harufu, ikapotea hewani. Juni 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walikadiria kuwa sehemu ya bonde huenda ina futi za ujazo bilioni 54 za gesi hiyo. Tangu hapo kampuni hiyo, ambayo hisa zake huuzwa London, imechimba visima vya Tai na Itumbula, na Noble Helium ya Australia ikachimba vya Mbelele mwaka 2023.

Heliamu hupoza sumaku za mashine za MRI hospitalini na hutumika katika viwanda vya vifaa vya elektroniki; nchi ziitoazo kwa wingi ni chache mno, zikiwamo Marekani, Qatar, Algeria na Urusi. Ili isafiri mbali hugeuzwa kuwa kimiminika kwa ubaridi wa nyuzi 269 chini ya sifuri, ikatiwa katika kontena lenye kuta mbili zisizo na hewa baina yake, mfano wa chupa ya chai. Na hata humo huchemka polepole, hivyo kontena likawiapo mpakani hatimaye bidhaa yenyewe huanza kuvuja. Juni 2017, Saudi Arabia na jirani zake walipoifungia Qatar mipaka, viwanda vyake vya heliamu, vilivyokuwa vikitoa zaidi ya robo ya mahitaji ya dunia, vilisimama kwa wiki kadhaa, kwa kuwa shehena yake ilikuwa ikipita nchi kavu hadi bandari ya Jebel Ali. Visima havikukauka wala mitambo haikuharibika. Kilichobadilika ni amri ya forodha tu.

Mwaka huohuo, kwa sababu zake nyingine kabisa, Tanzania nayo ilitoa amri zake. Mwezi Machi serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, ya dhahabu na shaba yasisafirishwe nje, makontena 277 yakakaguliwa katika bandari ya Dar es Salaam, na mwezi Julai kampuni ya dhahabu ya Acacia ikadaiwa kodi na adhabu za dola bilioni 190. Bunge lilipitisha sheria mpya juu ya mali asili, zilizotaka serikali iwe na hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kuzitolea fedha, na migogoro iamuliwe ndani ya nchi. Mwishowe Barrick, mwenye hisa nyingi za Acacia, alizinunua zilizosalia mwaka 2019, akakubali kuilipa serikali dola milioni 300, na ikaundwa Twiga Minerals, ambamo serikali ina asilimia 16.

Kwa rai yangu dai la hisa lilikuwa la haki, kwani haikuwa insafu nchi yenye dhahabu ibaki na mashimo na vumbi. Ila namna baadhi ya amri zilivyokuja ghafla, zikawakuta watu ambao tayari walikwisha kuweka mali yao kwa sheria ya jana, ndiyo iliyotugharimu. Mwaka 2018 leseni za kuhodhi maeneo ya madini yasiyoanza kuchimbwa zilifutwa. Wawekezaji wa nikeli ya Ntaka Hill, mkoani Lindi, waliopoteza leseni yao hivyo, wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa kwa mkataba wa Tanzania na Uingereza, na Julai 2023 ikaamuliwa walipwe zaidi ya dola milioni 109, madai yaliyomalizwa mwaka uliofuata kwa dola milioni 90. Winshear ya Kanada, iliyokuwa na mradi wa dhahabu kusini-magharibi mwa nchi, nayo ililipwa dola milioni 30. Fedha hizo hutoka katika hazina ileile inayongojwa na zahanati za vijijini, na hiyo ni dhima nzito kwa kila mwandishi wa amri.

Sheria iliyo kali lakini imara mfanyabiashara huiingiza katika hesabu zake kabla hajaleta mtambo wa kuchimbia, na akiona haimfai hukaa kwao. Inayobadilika kila mara humfanya adai faida ya haraka, akope kwa riba kubwa, na achelewe kujenga kiwanda. Na heliamu bila kiwanda cha kuisafisha na kuigandamiza si bidhaa, maana haiwezi kurundikwa ghalani kama mahindi hadi bei ipande.

Kwa watu wa bondeni yako mambo mawili ambayo sheria imekwisha kuyaweka mkononi mwao. Halmashauri ina haki ya ushuru wa huduma, ambao ni asilimia ndogo ya mapato ya kampuni, na Sheria ya Madini inailazimu kampuni kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kuafikiana na halmashauri hiyo. Yafaa madiwani wa bondeni, kabla ya gesi kuanza kuuzwa, wajue hesabu ya mapato itafanywa wapi na nani ataikagua, na wananchi wa Mtowisa wausome mpango huo kwa Kiswahili kabla haujatiwa sahihi.