Usiipake Rangi Baiskeli ya Babu

Nina kosa moja ambalo ningependa kuliungama mbele ya wasomaji wa ukurasa huu, hasa walimu wenzangu na wanafunzi wao. Mwaka 1996, miezi michache baada ya kumzika baba yangu huko Nkubu, niliichukua baiskeli yake aina ya Raleigh nikaipeleka kwa mpaka rangi wa magari mjini Embu, nilikokuwa nikifundisha. Nilimwamuru aisugue kwa msasa mpaka chuma kitoe macho, kisha aipulizie rangi nyekundu. Iliporudi ilikuwa ikimeremeta. Majirani walinipongeza kwa kumheshimu marehemu. Mama aliizunguka mara mbili bila kusema neno, akapitisha kidole juu ya bomba la fremu karibu na kiti, kisha akaniuliza, "Mwanangu, namba ya baba yako iko wapi?"

Namba hiyo ilikuwa ya uanachama wake katika chama cha wakulima wa kahawa. Aliichora kwa ncha ya msumari ili baiskeli yake isichanganywe na nyingine zilizoegemezwa ukutani kiwandani siku ya kupima mbuni. Zote zilikuwa nyeusi, zote zilikuwa ndefu, na zote zilibeba gunia moja nyuma. Stakabadhi zake zilikuwa zimeliwa na mchwa zamani. Fremu ile ndiyo iliyokuwa daftari la mwisho lililobaki, nami nililifuta kwa fedha zangu mwenyewe.

Vijana wa leo, waliozaliwa pikipiki zikiwa zimekwisha kuziteka barabara zetu, huenda wasielewe baiskeli ilikuwa nini katika nyumba ya Mmeru au Mwembu. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wa Kenya kulima kahawa ya arabika hadi miaka ya 1930, ilipokubali jaribio lifanywe katika wilaya chache, Meru na Embu zikiwamo, pamoja na Kisii. Fedha za zao hilo zilijenga nyumba za mabati, zikalipa karo, na katika maboma mengi zikanunua baiskeli. Raleigh ya Nottingham ilijinadi kuwa baiskeli ya chuma kitupu. Bango lake moja mashuhuri la Afrika lilimwonyesha mwanamume Mwafrika akichapua mwendo huku simba akimfukuza nyuma. (Mchoraji wa bango lile, nadhani, hakuwahi kupanda mlima wa kutoka mto Thuci na gunia la mbuni. Simba angemla yule bwana kabla ya kona ya kwanza, kwa sababu angekuwa ameshuka anaisukuma.) Baiskeli ya aina hiyo, ikiwa na breki za vyuma na magurudumu makubwa, Wakenya waliipa jina la nyoka: Black Mamba. Jina hilo likaja kutumiwa hata kwa zile zilizoundwa India na Uchina kwa mfano uleule.

Ndiyo maana mkusanyaji mwanagenzi hudanganyika kwa urahisi. Huona weusi na urefu, akadhani amepata ya Uingereza. Mimi huwafundisha wanafunzi wangu wasitazame rangi kwanza, bali wahesabu spoki. Waingereza walizoea kutia spoki 32 katika gurudumu la mbele na 40 katika la nyuma, linalobeba uzito zaidi. Kisha watazame lile gurudumu la meno linaloshika mnyororo kwenye kanyagio: katika Raleigh nyingi utaona limekatwa kwa umbo la vichwa vitatu vya korongo, ndege ambaye ni nembo ya kampuni hiyo. Nembo ya mbele hubanduliwa na kuuzwa, lakini korongo wa kwenye meno hawabanduki.

Jambo la tatu ni hesi, na hapa ndipo baiskeli nyingi zimeuawa na mafundi wenye nia njema. Vikombe vinavyoshika gololi za ekseli ya kanyagio katika baiskeli za kawaida za Uingereza vina hesi 24 katika kila inchi. Raleigh ya Nottingham ilijitungia kipimo chake: hesi 26. Tofauti hiyo huioni kwa jicho. Fundi huchukua kikombe kipya kutoka dukani, hukiona kinaingia mizunguko miwili, kisha kinakaza. Badala ya kukitoa, huongeza urefu wa spana. Kinaingia, naam, lakini hesi za fremu zimekwisha kukatwakatwa, na hakuna kikombe kitakachokaa humo tena, kiwe kipya au kizee. Nimeona fremu imara za miaka ya 1950 zikifanywa miti ya uzio kwa sababu hiyo tu.

Nyingine hazikupata hata heshima ya uzio. Kwa miaka mingi zimeuzwa kwa kilo, pamoja na masufuria yaliyotoboka, kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Ajabu ni kwamba amri ya serikali iliyotolewa kwa sababu tofauti kabisa ndiyo iliyoniokolea moja. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Mei mwaka huo. Mwezi Machi nilipita kando ya uwanja wa mnunuzi mmoja karibu na Runyenjes, nikakuta shehena imemlalia, hawezi kuiuza. Chini ya mabati nikaona gurudumu la nyuma. Nilihesabu spoki kwa kidole: 40. Nilipofuta matope kwenye habu, zilitokea herufi AW na tarakimu 54.

Habu hiyo ilikuwa ya Sturmey-Archer, yenye gia tatu zilizofichwa ndani yake. Kiwanda hicho cha Nottingham kilikuwa na desturi njema ya kupiga muhuri wa mwaka juu ya chuma, hivyo 54 ni 1954. Niliipeleka baiskeli shuleni, nikawauliza wanafunzi wa kidato cha tatu mwaka huo ulikuwa na nini. Walikuwa wamesoma, ila hawakuwa wamewahi kuugusa. Ni mwaka wa Operesheni Anvil, Aprili 1954, ambapo Waingereza waliwazoa Wakikuyu, Waembu na Wameru jijini Nairobi na kuwapeleka kizuizini kwa maelfu. Wakati watu wetu wakipangwa foleni mbele ya bunduki, mahali fulani Nottingham mfanyakazi alikuwa akigonga tarakimu mbili juu ya habu hii. Msichana mmoja aliinua mkono: "Mwalimu, lakini tarehe hiyo ni ya habu. Baiskeli yaweza kuwa ya baadaye, na iliyeinunua aweza kuwa wa baadaye zaidi." Nilimpa alama zote. Gurudumu huhama kutoka fremu moja hadi nyingine, na anayekusanya vitu vya kale bila shaka ya namna hiyo hukusanya hadithi za uongo.

Kazi ya kuirudisha ilituchukua muhula mzima. Hatukutumia msasa. Kitambaa na mafuta ya taa viliondoa grisi iliyoganda, na karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji iliondoa kutu juu ya kromu bila kuikwaruza. Kiti cha ngozi tulikilisha nta ya nyuki kutoka Mbeere, tukiipaka zaidi upande wa chini ambako ngozi haikuwa na vumbi. Matairi hayakutusumbua, maana India bado huunda baiskeli za kipimo hicho. Raba za breki tulizibadilisha, kwa kuwa sitamteremsha mtoto wa mtu mlimani kwa raba za babu yake. Zile kuukuu tulizitia katika mkebe na kuandika zilikotoka. Rangi tuliiacha ilivyokuwa: nyeusi panapo rangi, kahawia panapo kutu iliyotulia, na mstari wa dhahabu uliokatikakatika kwenye kifuniko cha mnyororo.

Mzee mmoja fundi, aliyetusaidia kuinyoosha rimu, hakupendezwa hata kidogo. "Mwalimu," aliniambia, "kitu kisichong'aa ni kitu kilichokufa. Mbona mnaniaibisha?" Sikumbishia sana. Yeye huishi kwa kuzifanya baiskeli ziuzike, na mteja hununua kwa macho. Tena kuna hoja nzito nyuma ya maneno yake: kwake yeye na wa rika lake, kutu haikuwa historia, ilikuwa umaskini, na mtu aliyeusukuma umaskini mlimani miaka arubaini hana haja ya kuuona ukutani umehifadhiwa. Hata hivyo naona kuwa mwenye haki ya kuing'arisha ni yule anayeiendesha kila siku. Sisi wengine, tunaoipokea mwenyewe akiwa kaburini, tumeachiwa chombo pamoja na alama zake, na hatujui ni ipi kati ya mikwaruzo ile iliyokuwa ya msumari.

Baiskeli ya Runyenjes nayo ina mikwaruzo yake. Chini ya kiti kuna herufi mbili na alama kama ya jembe. Wanafunzi wawili wamejitolea kwenda kuwauliza wazee wa kiwanda cha kahawa cha jirani. Hawajapata jibu, na wamekwisha kurudishwa mara moja na karani aliyedhani wanatafuta deni la mtu.

Ile nyekundu ningali nayo Nkubu. Mwaka jana nilikata kipande kidogo cha msasa laini kuliko wote, nikasugua polepole pale pale mama alipoweka kidole, nikitumaini kwamba msumari wa baba ulikuwa umezama ndani kuliko nilivyodhani. Rangi nyekundu iliisha. Chini yake kulikuwa na chuma safi.