Mashine Isipokuona Ukifanya Mazoezi

Masika yakishuka milima ya Uluguru, njia ya kupanda Morningside huwa tope na utelezi. Wengi hapa Morogoro hukaa ndani, na mwili hulegea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri angalau dakika 150 kwa juma, na mtoto wa umri wa shule wastani wa angalau dakika 60 kwa siku. Basi ile michezo ya televisheni inayomfanya mtu aruke na kuinama sebuleni ina faida yake.

Lakini liko jambo linalowavunja wengi moyo. Mama anainua magoti, jasho linamtiririka, na mashine inamwambia hajafanya kitu. Anadhani mwili wake umeshindwa, anaacha. Kumbe mwili hauna kosa: mashine haikumwona. Fanya hivi.

Kwanza, zuia jua. Kinect ya Microsoft ilitolewa mwaka 2010, na ingawa utengenezaji ulikoma mwaka 2017, wako wanaoitumia mpaka leo. Hutoa miale isiyoonekana kwa macho, kisha huitazama inapogonga mwili wako. Jua nalo lina miale ya namna hiyo, tena yenye nguvu zaidi; likiingia dirishani, ile ya mashine hupotea kama mwanga wa kibatari mchana. Funga pazia.

Pili, toa nafasi. Sogeza makochi na meza. Mtu mmoja asimame mbali na mashine kama futi 6, watu wawili kama futi 8. Hakikisha inakuona toka kichwa hata miguu, wala watoto wasipite mbele yako.

Tatu, angalia nguo. Dera na kanga huficha magoti, na goti lisiloonekana halihesabiwi. Vaa suruali isiyopwaya.

Mchezo wa Ring Fit Adventure wa Nintendo, uliotoka mwaka 2019, haukutazami. Kifaa chake kimoja hufungwa kwenye paja la kushoto, kipate kujua mguu unavyokwenda. Mkanda ukilegea, kifaa huteleza na hesabu huharibika. Ukaze, ila usijiumize. Nao ubao wa Wii Fit hupima uzito unaoukanyagia. Uweke juu ya sakafu ngumu, si juu ya zulia laini.

Mwenye presha au maradhi ya moyo amwulize daktari kwanza.

Ukiisha kufanya hayo yote, na mashine ikazidi kukosea, usikate tamaa. Jasho lako si bure, maana moyo na mapafu vimekwisha kufanya kazi. Hata umeme ukikatika, endelea kuinua magoti hapo hapo. Masika yakipita, njia ya mlimani itakauka, nawe utaipanda ukiwa na nguvu.