Binti aliyefanyia usaha utafiti akafika anga za juu

MZAZI wa Mbagala au Tegeta mwenye binti anayeingia kidato cha tatu anakijua kipindi hiki. Ndipo mtoto anapoamua kuendelea na Fizikia na Kemia au kuachana nazo. Mara nyingi wanaoamua ni watu wengine: shangazi, jirani, hata mzazi mwenyewe, kwamba masomo hayo ni ya wavulana.

Mae Jemison naye aliyasikia hayo. Alizaliwa Oktoba 17, 1956 katika jimbo la Alabama, Marekani, akakulia Chicago. Akiwa chekechea, mwalimu alimuuliza atakuwa nani akikua. Akajibu, mwanasayansi. Mwalimu akamuuliza kama hakumaanisha nesi. Mtoto akashikilia lake.

Nyumbani alikuwa na wa kumsikiliza. Siku moja kibanzi kilimchoma kidole gumba, kikatunga usaha. Mama yake, Dorothy, aliyekuwa mwalimu, hakuishia kumtibu tu. Jeraha lile aliligeuza somo. Mae akaishia kufanya mradi mzima kuhusu usaha.

Akiwa na miaka 16 tu alianza Chuo Kikuu cha Stanford, na mwaka 1977 akahitimu uhandisi wa kemikali. Mwaka 1981 alipata udaktari wa tiba Chuo Kikuu cha Cornell. Dansi aliyoipenda tangu utotoni hakuiacha.

Aliwahi kufanya kazi na madaktari wanaofuata wagonjwa kwa ndege hapa Afrika Mashariki, na Kiswahili amejifunza. Kuanzia 1983 hadi 1985 alikuwa daktari Sierra Leone na Liberia.

Aliporudi aliomba kuwa mwanaanga. Januari 1986 chombo cha Challenger kililipuka, watu wote saba waliokuwamo wakafa, na uteuzi ukasimama. Wengi wangeghairi. Yeye aliomba tena, na mwaka 1987 akawa miongoni mwa 15 waliochaguliwa kati ya waombaji wapatao 2,000.

Septemba 12, 1992 alipaa na chombo cha Endeavour, akawa mwanamke mweusi wa kwanza duniani kufika anga za juu. Kwa siku nane hivi alishiriki majaribio kuhusu seli za mifupa na kichefuchefu kinachowapata wanaanga. Aliacha kazi hiyo 1993, na mwaka uliofuata akaanzisha kambi ya sayansi kwa vijana.

Mama Dorothy hakuhitaji maabara kwa somo lile la usaha. Binti wa Tandika akiuliza kwa nini sabuni haitoi povu kwenye maji ya kisima ya chumvi, asiambiwe anyamaze afue. Apewe ndoo mbili, moja ya maji ya mvua, nyingine ya kisima, ajaribu na aandike anachokiona.

Na siku ya kuchagua masomo ikifika, aulizwe kwanza yeye.