Majigambo si kiburi: Mjadala wa Chepsaita kuhusu Ingebrigtsen

MWEZI uliopita nilikuwa Chepsaita, upande wa Turbo, kaunti ya Uasin Gishu, nilikokwenda kumjulia hali shemeji yangu. Wapenzi wa riadha wanakifahamu kijiji hicho kwa mbio zake za nyika. Jioni tuliketi kwenye kibanda cha chai, na kama ilivyo ada ya sehemu hizi, mazungumzo hayakukawia kufika kwenye mbio. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa na video kwenye simu yake: fainali ya mita 5,000 ya Olimpiki ya Paris, Agosti 10, 2024. Jakob Ingebrigtsen wa Norway anafyatuka katika mzunguko wa mwisho, Ronald Kwemoi wetu anabaki na medali ya fedha.

“Huyu mzungu ako na madharau,” kijana akasema.

“Madharau gani? Hiyo ni kujiamini,” mwenzake akamjibu. “Mtu akishinda asifurahi?”

Mama mwenye kibanda akasema ni tabia yake tu, alizaliwa hivyo. Mzee mmoja aliyewahi kukimbia enzi zake akaweka kikombe chini. “Wacheni hiyo. Huyo ni mjeuri. Ati anaweza shinda mwenzake akiwa amefungwa macho!” Kisha akanigeukia: “Mwalimu, wewe ndiye wa Kiswahili. Tumwiteje huyu?”

Nilitabasamu nikaendelea na chai yangu, kwa sababu swali lile lilihitaji zaidi ya kikombe kimoja. Jibu langu ndilo hili.

Tuanze na mambo yenyewe. Ingebrigtsen, aliyezaliwa mwaka 2000, alikuwa amezoea kushindwa na Timothy Cheruiyot hadi Agosti 7, 2021, alipompiku jijini Tokyo na kushinda mita 1,500 kwa dakika 3:28.32, rekodi mpya ya Olimpiki. Ana mazoea ya kuwapungia mashabiki mikono kabla hajafika utepeni, na hasiti kujitaja kuwa bora. Mwaka 2023 alishindwa na Mskoti Josh Kerr katika Mashindano ya Dunia mjini Budapest. Februari 2024 Kerr alipoweka muda bora zaidi duniani wa maili mbili katika ukumbi wa ndani, kule New York, Ingebrigtsen alisema kwamba katika mbio hizo angemshinda hata akiwa amefungwa kitambaa machoni. Hayo ndiyo maneno aliyoyakumbuka mzee wetu. Miezi sita baadaye, katika fainali ya mita 1,500 mjini Paris, aliongoza sehemu kubwa ya mbio kisha akamaliza wa nne. Kerr alikuwa wa pili.

Sasa turejee kibandani. Watu wanne walitumia maneno manne: dharau, kujiamini, tabia, jeuri. Kila mmoja alidhani anabishana na mwenzake kuhusu jambo lilelile. Hawakuwa wakizungumzia jambo moja.

Tazama vitenzi hivi: kujigamba, kujisifu, kujitapa, kujivuna, kujidai, kujishaua. Vyote vina kiambishi -ji-, ambacho mwanafunzi wa sekondari anakijua kuwa kirejeshi. Kitendo kinamrudia mtendaji mwenyewe. Linganisha na hivi: kumdharau, kumbeza, kumkebehi, kumkejeli. Hapa pana -m-, yaani kuna mtu mwingine anayepigwa na kitendo. Tena -ji- na -m- hukalia nafasi moja ndani ya kitenzi, mbele kidogo ya mzizi. Kiti ni kimoja. Huwezi kusema *anajimdharau. Kitenzi kinakulazimisha uamue: je, mtu huyu anajitukuza, au anamshusha mwenzake?

Kwa kipimo hicho, kuwapungia mashabiki mikono ni jambo la -ji-. Anajishaua, ukipenda, lakini hajamgusa mtu. Kauli ya kitambaa ni jambo la -m-. Kerr hakuwa na la kufanya ila kupokea. Kwa hiyo kijana wa bodaboda na mwenzake walikuwa sahihi wote wawili, ila mmoja alikuwa akiitazama video na mwingine, nadhani, alikuwa bado anayafikiria yale mahojiano.

Kuhusu neno “madharau” lenyewe, najua walimu wenzangu watanikemea. Dharau ni nomino ya ngeli ya I-ZI na haihitaji ma-. Usiliandike kwenye insha ya mtihani. Lakini sikiliza jamaa yake: maringo, majivuno, majigambo, majitapo, na siku hizi mapozi. Yote yako katika YA-YA. Msemaji wa Kenya amesikia kwamba mambo ya kujionyesha huja kwa wingi, hayaji moja moja, akaivuta dharau ijiunge na wenzake. Sioni uzembe hapo. Naona sikio zuri.

Majigambo yana hadhi ambayo watu wengi wameisahau. Katika fasihi simulizi tunayowafundisha watahiniwa wa KCSE, majigambo, au vivugo, ni utanzu kamili. Shujaa husimama mbele ya watu akajitaja kwa jina, akasimulia alichokitenda vitani au katika uwindaji, na hadhira humpa nafasi hiyo kwa kuwa kitendo kinajulikana. Sharti lake ni kwamba kitendo kitangulie. Anayejigamba kabla ya kutenda hachukuliwi kama shujaa. Hapo ndipo kauli ya Ingebrigtsen ilipokwama: alijigambia mbio ambazo hakuzikimbia.

Lakini kabla hatujamcheka, tumkumbuke Ezekiel Kemboi. Bingwa wa Olimpiki wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwaka 2004 na 2012, bingwa wa dunia mara nne mfululizo kuanzia 2009 hadi 2015. Daegu 2011 alimaliza mbio akacheza densi kama yuko harusini. London 2012 alicheza tena, kisha akarukia mikononi mwa Mfaransa Mahiedine Mekhissi-Benabbad aliyekuwa wa pili, na wakabadilishana fulana. Hapa Eldoret tulikuwa tukisemaje? Sikumbuki hata mmoja akisema Kemboi ana kiburi. Tulisema ana mbwembwe, ana vituko, anachangamsha. Mbwembwe ni neno la upole. Linamsamehe mtu huku likimtaja. Niliwauliza wale wa kibandani: Ingebrigtsen angecheza vile baada ya kumshinda Mkenya, mngeziita mbwembwe? Kijana wa bodaboda alicheka akawasha pikipiki yake.

Kiburi ni suala tofauti. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na linatokana na mzizi mmoja na takbiri, wenye maana ya ukubwa. Halina -ji- wala -m-. Tunasema “ana kiburi”, kana kwamba ni kitu amekibeba hata akiwa peke yake chumbani. Majigambo tunayasikia, kiburi tunakikisia. Na jeuri imekwenda mbali zaidi, kwa sababu tumeitengenezea jina la mtu: “ni mjeuri”. Mama wa chai alisema “alizaliwa hivyo”, na hapo alihitaji neno hulka, si tabia. Kiarabu kililitumia tabia kwa maana ya maumbile, lakini Kiswahili kimelisogeza. Tabia kwetu ni kitu kinachofunzwa na kubadilishwa, ndiyo maana tunawahimiza watoto wawe na tabia njema. Hulka ndiyo anayozaliwa nayo mtu. Halafu kuna mwenendo, linalotokana na kwenda, ambalo kwa wakimbiaji naona linafaa kuliko yote, maana hutaja kile tunachokiona wakipita.

Sarufi yetu ina ngazi hapa. “Alijigamba” ni mara moja, siku fulani. “Hujigamba” ni mazoea, na anayelisema anapaswa kuwa ameona mara nyingi. “Ana kiburi” ni moyo wake. “Ni mjeuri” ni yeye mwenyewe. Shabiki huruka kutoka ngazi ya kwanza hadi ya mwisho kwa pumzi moja, na shabiki hana hasara. Ingebrigtsen hatasoma makala haya.

Mimi niliruka ngazi hizo nikiwa na kalamu. Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya upili ya Bonde la Ufa. Tulikuwa na mvulana wa kidato cha tatu, mkimbiaji wa mita 1,500. Katika mashindano ya wilaya alishindwa, na mshindi alipomnyoshea mkono akaukataa, akaondoka uwanjani bila kumsalimu mtu. Nilikuwa mbali, kwenye nyasi. Muhula ulipokwisha niliandika katika ripoti yake: “Ni mjeuri.” Mwaka uliofuata kamati ya michezo ilipochagua timu, mtu aliisoma ripoti ile kwa sauti, na jina la mvulana halikuingia. Baadaye mwanafunzi mwenzake aliniambia kwamba kwenye kona ya kwanza yule mshindi alimkanyaga kwa viatu vya misumari, na kwamba soksi yake ilikuwa imelowa damu. Ningeandika “alikataa mkono wa mshindi”, ningekuwa nimeandika nilichokiona. Mtu angeweza kuuliza kwa nini.

Nilimpigia mzee wa Chepsaita nikamsomea sehemu ya makala haya. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema, “Sawa mwalimu, nimekubali si mjeuri. Lakini Kerr alimkimbiza vizuri.”

Juma lijalo nitalijibu swali la msomaji wa Kapsabet kuhusu “ako na” na “ana”.